Si Dawa, ni Chakula

Kama mdudu huyu anakufa kwa dawa hii kwenye kisahani cha maabara, kwa nini hafi ndani yako?

Daktari aliniuliza hivyo mwezi wa saba, katika hospitali ya misheni, nikiwa nimejifunika blanketi mbili na meno yanagongana. Nyumbani wananiita Kwa Nini, kwa sababu tangu utoto sijawahi kupokea jibu bila kuligeuza nione chini yake kuna nini. Siku hiyo sikuwa na jibu wala swali. Nilitazama ukuta uliopakwa rangi ya kijani nusu, nikasema, "Sijui."

Sasa najua. Naandika kwa sababu naweza tena kukaa kwenye kiti bila kujipindia upande wa kushoto, na kwa sababu nina hakika kwamba hivi unavyosoma kuna mtu Makambako, au Njombe, au kwenu, ameshika kidonge mkono mmoja na kikombe cha unga mtamu mkono wa pili. Namwandikia huyo. Naandika pia kwa hasira, na sitaificha. Anayetaka simulizi ya msamaha aitafute kwa mwingine.

Ilianza kama inavyowaanza wasichana wengi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi kwa Mama, mtaa wa Ramadhani pale Njombe, na nimepata kazi ya mkataba kwenye banda la kupokea parachichi. Choo cha bandani kilikuwa mbali na baridi ya Juni ilikuwa kali, hivyo tulijizuia. Mkojo ukaanza kuunguza, kisha ukawa na rangi ya chai iliyokaa, kisha homa. Zahanati walinipima, wakasema UTI, wakanipa sipro, antibayotiki ya vidonge, asubuhi na jioni. "Usikatishe dozi," muuguzi alisema. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika nje, na watu wote walikuwa wanatoa mvuke mdomoni kama birika.

Mama alipoona vidonge alifanya kile ambacho mama yeyote wa huku angefanya. Alileta jagi la mtindi.

"Hii dawa ni kali, Vumi. Itakuchoma tumbo. Lazima tuikate makali."

Kwetu hilo halina mjadala. Ukimeza dawa kali unakunywa maziwa, ukinusa dawa ya kunyunyizia mashamba unakunywa maziwa. Nilikunywa. Dawa kweli haikunichoma.

Jumamosi ile akaja Mama Mdogo, mdogo wake Mama wa tumbo moja, kutoka Makambako. Alikuwa ameacha kuuza vitenge na kuingia kwenye biashara mpya wiki hiyo hiyo. Sasa alijiita mshauri wa lishe, na sisi tulikuwa wateja wake wa kwanza. Mimi ananiita Profesa. Zamani nilidhani ni sifa.

"Kamwene, Profesa! Mbona umekonda kama mti wa uzio?"

"Naumwa, Mama Mdogo."

"Naona. Ndiyo maana nimekuletea chakula."

Akatoa kopo jeupe lenye picha ya mwanamke anaruka juu mikono hewani. Ndani kulikuwa na unga wenye harufu ya ndizi. Nikamuuliza una nini. Akajibu bila kusita: kalsiamu, zinki, madini ya chuma, magnesi, na bakteria rafiki wa tumbo.

"Hizo antibayotiki zenu zinaua wabaya na wema," alisema. "Hawa wanarudisha wema."

"Na haiwezi kugongana na dawa yangu?"

Nataka msomaji akumbuke kwamba niliuliza. Niliuliza kwa sauti, mchana, Mama akiwa amesimama pale na mwiko.

Mama Mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. "Igongane vipi? Hii si dawa, mwanangu, ni chakula. Ugali unagongana na dawa?"

Mama naye akacheka. "Vumi bwana! Atauliza hadi maji kama yana uzito."

Mimi sikuamini kwamba unga ule ungenisaidia. Nilidhani ni upuuzi, na upuuzi niliuona kama kitu kisicho na nguvu: ukiunywa hupati kitu, hupotezi kitu. Nilikunywa ili wanyamaze. Kila asubuhi na kila jioni Mama alikoroga vijiko viwili kwenye mtindi, akaniwekea kidonge kiganjani, na nikavimeza vyote pamoja.

Dozi ya kwanza iliisha wakati majirani wanachimba viazi. Homa haikuwa imeisha. Zahanati wakanipa dozi nyingine ya dawa ile ile, na yule muuguzi akanibonyeza mgongo upande wa kushoto, chini ya mbavu. Nilipiga kelele. "Imepanda kwenye figo," alisema. "Hii usipoiua mapema, figo litaharibika. Meza kwa uaminifu." Nikameza kwa uaminifu. Mama Mdogo akapiga simu kutoka Makambako, na Mama akaweka spika.

"Homa bado?"

"Bado, na sasa anatapika."

"Hiyo ni sumu inatoka, dada. Mwili unajisafisha. Ongeza vijiko viwe vinne."

Tukaongeza.

Sijui niuelezeje mwili wangu wa wiki zile. Sketi niliyoivaa kwenye mahafali niliikaza kwa pini mbili. Nywele zilibaki kwenye kitana. Upande wa kushoto ulikuwa kama mtu ameniwekea pasi ya mkaa na kuisahau. Nilitembea nimepinda, na mtaani watu wana macho. Msichana aliyesoma, hajaolewa, anatembea ameshika tumbo, ana homa haishi. Mama alirudi kutoka mazoezi ya kwaya. Akafua nguo ambazo zilikuwa safi. Mwisho akaniuliza, bila kunitazama, kama kuna kitu nilikifanya chuoni ambacho sijamwambia.

"Kama kutoa mimba?" nilimuuliza.

"Sijasema hivyo."

"Waliosema ni akina nani?"

Tuliishi nyumba moja siku kadhaa kama wapangaji.

Zahanati walisema pengine vijidudu vyangu vimekuwa sugu, wakanipa barua niende hospitali kubwa ya misheni. Pale kwenye mabenchi ya kusubiri nilijifunza kwamba ugonjwa kwa sehemu kubwa ni kukaa. Unakaa, unasogea, unakaa. Mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa wake aliniona natetemeka, akafungua chupa ya uji, akanimiminia kwenye kifuniko, akasema, "Kunywa, hata kama hatujuani." Sikumuuliza kwa nini. Ule uji nikiukumbuka mpaka leo mikono inapata joto.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alichukua mkojo wangu ukaoteshwe maabara, ili wajue ni mdudu gani na dawa gani inamuua. Majibu yaliporudi aliyatazama, akanitazama, akayatazama tena. Mdudu hakuwa sugu. Sipro ilikuwa inamuua vizuri kabisa. Ndipo akaniuliza lile swali nililoanza nalo.

"Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana."

"Za kienyeji? Mizizi, majani? Sitakugombeza."

"Hapana, daktari."

Sikusema uongo. Mama naye alitikisa kichwa, na Mama ni mzee wa kanisa.

Daktari akasogeza kiti. "Basi nionyeshe asubuhi yako. Umeamka, ni wakati wa kidonge. Fanya hapa kama unavyofanya nyumbani."

Tulikuwa tumekuja tukijua tunaweza kulazwa, kwa hiyo kikapu kilikuwa kamili. Mama akainuka, akatoa kikombe, akatoa chupa ya mtindi, akatoa kopo jeupe. Akafungua, akachota vijiko vinne, akakoroga. Alifanya kwa uangalifu, kama anayeandaa meza ya Bwana.

"Mama, hicho ni nini?"

"Hiki si dawa, daktari. Ni chakula."

Daktari akalichukua kopo, akaligeuza, akasoma ubavuni. Alisoma polepole. "Na kidonge?"

"Anakimezea hapo hapo. Nakata makali."

"Umeyakata, mama," alisema daktari. "Umeyakata kweli."

Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. Alitueleza kwa maneno machache: madini ya kwenye unga, na yale ya kwenye maziwa, yanaishika dawa hii tumboni na kuifunga, haiingii kwenye damu inavyotakiwa. Kwa hiyo kila siku nilikuwa nameza dozi, na dozi ilikuwa inaishia chooni.

"Na hao bakteria rafiki?" niliuliza.

"Dawa kidogo inayobaki huru inaweza kuwaua hao nao, ukivimeza pamoja."

"Yaani tulikuwa tunawanunua ili tuwaue."

"Unaweza kusema hivyo."

Mama alikaa chini. Alikuwa bado ameshika kijiko.

Wakanipiga picha ya ultrasaundi. Figo la kushoto lilikuwa limevimba, na pembeni yake kulikuwa na kijifuko kidogo cha usaha. Daktari akasema nitalazwa, nitachomwa sindano za mshipa, na wataangalia kijifuko kama kinakauka bila kupasuliwa. Nikauliza kama figo litapona. "Litabaki," alisema. "Litabaki vipi, tutajua baadaye."

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo bibi wa Makete aliyelazwa kwa mguu. Yeye ndiye aliyenisimamia wakati Mama anakwenda kupika. "We binti, umelala kama kiazi cha mbegu," aliniambia. "Ukichelewa kuamka utaota macho." Nilicheka na mbavu zikanilipa. Baada ya sindano chache niliweza kucheka bila kulia. Siku nyingine niliamka na kukuta shuka limelowa jasho na mwili umepoa, na ule ubaridi wa kawaida wa Njombe, ambao siku zote nimeulaani, ukanipita kwenye shingo kama mkono wa mtu anayenipenda.

Mama Mdogo alikuja kuniona. Alisimama miguuni mwa kitanda akiwa na simu.

"Ngoja nikupige picha nimtumie mchungaji, akuombee."

"Mama Mdogo, daktari amesema ule unga ndio ulioizuia dawa."

"Madaktari wanaogopa watu wakipona bila wao," alisema. Akapiga picha. "Vumilia, mwanangu. Jina lako si la bure."

Nilitoka hospitali miti ya pichesi ikiwa imeshachanua. Mwezi wa tisa nilikuwa nimeanza kujaza mashavu, na Mama Mdogo alipopita Njombe akanikumbatia mlangoni, akapiga picha nyingine, akasema nimependeza. Sikuwaza chochote.

Niliporudi bandani, mwenzangu tunayepanga naye parachichi akaja akiwa na furaha. "Dada Vumilia, kumbe ulipona kwa ule unga! Nimemnunulia mama yangu. Naye yuko kwenye dozi."

Akanionyesha simu. Picha mbili, mimi na mimi. Chini ya ile ya kitandani imeandikwa KABLA, chini ya ile ya mlangoni BAADA. Halafu maneno: binti wa dada yangu, figo zilikuwa zimeoza, hospitali zilishindwa.

Kwanza nilimwambia mwenzangu ampigie mama yake simu pale pale, na akapiga. Halafu nikaenda nyuma ya makreti nikasimama. Nilikuwa nimeogopa sana katika miezi ile: niliogopa kupasuliwa, niliogopa kufa. Sasa sikuwa na woga hata kidogo. Nilikuwa na kitu kingine, kigumu na kisafi, na kilinipa nguvu kuliko sindano.

Mama alijua habari ya zile picha kabla sijasema. "Usimwaibishe," alisema. "Ni damu yako. Alifanya kwa upendo."

"Na figo langu si damu?"

"Vumi, mimi ndiye niliyekoroga."

"Wewe ulikoroga ulichoambiwa ni chakula. Wewe nimeshamalizana na wewe."

Alilia, na sikumfuata jikoni.

Sikumtukana Mama Mdogo wala kumpigia simu. Nilisubiri. Mwezi wa kumi na moja alinitumia ujumbe: kuna semina Makambako, yeye anapandishwa cheo, na angependa mimi nitoe ushuhuda. *Vaa lile gauni jekundu, linang'aa kwenye kamera.* Nikamjibu, *Nitakuja, Mama Mdogo.* Nilivaa sweta la kijivu, lile lile la kwenye picha ya KABLA.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya nyumba ya wageni, viti vya plastiki, makopo meupe yamepangwa mezani kama kwaya. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Mama Mdogo alikuwa mbele na utepe wa dhahabu begani. Aliponiona na sweta akakunja uso kidogo, halafu akatabasamu kwa ajili ya watu. Wakanipa maikrofoni.

"Bwana asifiwe," nilisema, wakaitikia. "Mimi ndiye wa kwenye zile picha."

Wakapiga makofi. Niliyaacha makofi yaishe yenyewe.

"Nilipona kwa sindano za hospitali. Unga huu niliunywa pamoja na sipro, na daktari ameniambia uliifunga dawa isifanye kazi. Ndio ulionifikisha kwenye kile kitanda. Niliuliza kabla ya kuunywa kama unagongana na dawa. Nikaambiwa si dawa, ni chakula."

Maikrofoni ikazimwa. Mvua ilikuwa inapiga bati, hivyo nikashuka katikati ya viti na kusema kwa sauti yangu. Mzee mmoja akanishika mkono. "Binti, unabomoa riziki ya mama yako mdogo!" Mwanamke wa nyuma yake akasimama. "Mwache amalize! Mimi namnywesha mume wangu!"

"Ana dozi gani?" niliuliza.

"Doksi."

"Hiyo nayo inashikwa. Mpigie aliyempa dawa, leo. Mwambie kila kitu anachokunywa, hata maziwa."

"Hata maziwa?" Wanawake wawili wakageukiana. Hapo ukumbi ulivunjika. Kila mtu alikuwa na mgonjwa wake na swali lake, na hakuna aliyekuwa anaitazama tena ile meza.

"Profesa, shuka," Mama Mdogo alikuwa anasema mbele, ingawa nilikuwa nimeshashuka zamani. "Shuka, nimesema."

Alinifuata nje, kwenye matope. Utepe ulikuwa umelowa.

"Umefurahi?"

"Ndiyo."

Ilikuwa kweli. Nilivuka barabara, nikaagiza chipsi na mishkaki, na nikala kwa njaa ambayo sikuwa nayo tangu mwezi wa sita. Nikaagiza tena. Watu husema kisasi hakishibishi. Mimi kilinirudishia hamu ya kula.

Kilichonigharimu nitakisema pia. Krismasi ile Mama Mdogo hakuja, na Mama alipika wali kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo. Shemeji zake Mama Mdogo wananipita sokoni bila salamu. Mama amerudi kucheka na mimi, lakini simu za mdogo wake anazipokea nje. Na picha ya mwisho ya ultrasaundi imeonyesha figo la kushoto limekuwa dogo kuliko la kulia, lina kovu. Linafanya kazi. Kovu halifutiki.

Kwa wewe mwenye kidonge mkononi, sina mengi. Usiache dozi kwa sababu yangu. Ila ukiulizwa hospitali kama unatumia dawa nyingine, usijibu swali hilo. Jibu hili: ni nini kimeingia kinywani mwako tangu uamke. Taja mtindi, unga, matone, vidonge vya kuongeza damu, chai ya majani ya bibi. Uliza kila kimoja kikae umbali gani na dawa yako, kwa sababu dawa hazifanani. Na mtu akikuambia kitu chake si dawa, muulize basi kwa nini anakuuzia wakati unaumwa.

Msimu huu wa parachichi alikuja bandani mwanamke kutoka Makambako, ameleta matunda ya miti yake mitatu. Alinitazama sana wakati napima.

"Wewe ndiye wa semina," alisema. "Mimi nilianza ile biashara siku moja na mama yako mdogo. Nilishaacha."

Nikamwambia amefanya vizuri.

"Ijumaa tuliyofundishwa, mkufunzi alipomaliza akauliza nani ana swali. Yeye peke yake alinyoosha mkono. Akauliza, mgonjwa akiwa kwenye antibayotiki, tumpe? Mkufunzi akasema hapana, asubiri amalize dozi, unga utaizuia dawa. Sisi wengine hata tusingewaza kuuliza."

Nilimuuliza kama ana hakika alikuwa yeye.

"Alikuwa yeye. Alisema kesho yake anakwenda Njombe, ana binti wa dada yake yuko kwenye sipro."